Vita Vyangu na Ruqia wa Gredi ya Pili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya kwanza ya likizo yangu. Aibu tupu!

Binti yangu Sheryl, miaka mitano, ameamua kwamba mimi ni mwongo. Wiki jana alimeza mbegu ya chungwa. Nikamwambia mti utamwotea tumboni, matawi yatokee masikioni. Ndivyo nilivyoambiwa mimi nikiwa mdogo kule Kimilili, nikakataa maji kutwa nzima nisije nikaumwagilia. Utoto mtamu ule! Sheryl hakulia. Alienda kwa Ruqia, binti wa jirani yetu Hilowle, muuza mbuzi. Ruqia ana miaka saba na anajua kila kitu. Akamwambia yeye humeza mbegu siku zote na hajaota hata jani. Basi Sheryl akameza nyingine, makusudi. Akangoja. Leo asubuhi amejikagua masikio kwenye kioo, kisha akaniangalia kwa huruma.

Jioni nimemwambia kesho kutakuwa na baridi. Akasema wacha aulize Ruqia kwanza.

Jumanne, 5 Agosti

Naandika kwa uchungu. Mwaka jana tu, mimi ndiye niliyekuwa redio na mwalimu wa nyumba hii. Nikitoka kazini Sheryl ananikimbilia getini. Baba, kwa nini mwezi unatufuata? Baba, mbuzi hucheka? Nilijibu yote, mengine kwa kubuni. Leo nimekaa kwenye kiti bila kazi, akanipita, akaenda kuuliza kwa jirani kwa nini punda hulala amesimama. Punda! Nimekua na punda mimi! Imeniuma sana.

Mke wangu Wilkister anasema dawa ni kumwambia mtoto ukweli, na nisipojua niseme sijui. Wilkister hajui mikakati. Wa kuangushwa ni Ruqia. Akikosea mara moja tu mbele ya Sheryl, nitarudi kwenye cheo changu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa mkebe. Nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikatoa mafuta, nikajaza misumari, nikafunga vizuri. Nikawaita wasichana. Nikamwuliza Ruqia, kwa upole wote, ndani mna nini. Mtu yeyote angesema mafuta. Mimi mwenyewe ningesema mafuta.

Ruqia aliomba aushike kwanza. Akautikisa. Akasema hiyo si mafuta, inalia. Ni misumari ama ni peremende, na kama ingekuwa peremende Baba Sheryl angekuwa ameshazimaliza. Sheryl akapiga makofi! Halafu akataka kujua mafuta yameenda wapi, na kama Mama anajua yako kwenye beseni la kufulia.

Mama sasa anajua. Nimekula ugali bila mboga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekumbuka yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Utotoni tukiwaona wakipita tulikimbia chini yao, vidole juu, tukiwaomba kucha nyeupe. Na walitupa! Siku chache baadaye ungeona doa jeupe kwenye ukucha, ukazunguka kijiji kizima ukilionyesha. Dada yangu Namalwa alipata kwenye vidole vyote vya mkono mmoja. Nilimchukia hadi Krismasi. Natamani nirudi pale jioni moja tu, miguu peku, na wote tuliokuwapo wawepo.

Mtoto akishapata kucha zake nyeupe, ataachaje kuniamini? Nikampeleka uwandani nyuma ya mtaa, ambako Wamasai hulisha. Kitengela yote imejengwa maploti, lakini pale bado kuna nyasi, na yangeyange walikuwa tele. Nikainua mikono, nikapaza sauti, nikakimbia. Ng'ombe wakatawanyika. Mchungaji akaja mbio, akanisalimu Supa kwa adabu, kisha akamwuliza Sheryl kama baba yake huwa hivi. Sheryl akasema yuko likizo. Halafu akatikisa vidole kidogo, nadhani ili nisijisikie vibaya.

Alipolala mchana nikachukua rangi ya kucha ya Wilkister, ile nyeupe, nikamtia doa kila kidole. Kazi safi kabisa!

Jumapili, 10 Agosti

Jana alipoamka alinusa vidole. Akaenda kunusa chupa ya mama yake. Akarudi, akanusa vidole vyangu. Sikuwa nimenawa.

Nikajua kwisha mimi. Nilingoja akimbilie kwa Ruqia. Hakwenda, jana wala leo. Leo baada ya kanisa amekuja akakaa kando yangu kwenye ngazi, akaniuliza swali la kwanza la maana tangu likizo ianze. Mimi nilipokuwa mdogo, nani alikuwa akinipaka?

Miaka yote hii sijawahi kujiuliza. Nikamwambia sijui, ila hakuna aliyenipaka, na niliamini ni ndege. Akauliza kama Namalwa aliamini pia. Kama tulikuwa na viatu. Kama ndege walirudi mwaka uliofuata. Maswali juu ya maswali, na hata moja Ruqia hawezi kulijibu! Tumekaa pale mpaka chai ikapoa. Nilikuwa na furaha ya kutaka kulia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yamebadilika! Leo Sheryl ametaka hadithi zingine za utoto wangu. Nikampa za kweli zote. Kumbe si nyingi. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimebaki mtupu, na yeye bado amenitolea macho. Ningefanya nini? Nikamwambia nilivuka Mto Nzoia mgongoni mwa kiboko.

Akasema sawa, jioni atampigia Kukhu, nyanya yake, amwulize.

Nimekimbilia bafuni na simu, nimempigia Mama kabla yake, nimembembeleza aseme kiboko alikuwepo. Mama anasema yeye hadanganyi watoto. Mama! Aliyeniambia nikielekeza kidole kaburini kitaoza! Nimemwahidi leso. Akauliza ngapi. Nimemwahidi leso mbili. Sasa anasema kiboko anamkumbuka kidogo, ila hajui alikuwa mkubwa kiasi gani. Tumekubaliana mkubwa kama kombi.

Sheryl amebisha mlango wa bafu. Anauliza naongea na nani. Nimemwambia naimba.