Kilo Tisa Tu

Jumatatu, 3 Juni
Barua ya idara imefika. Ijumaa mkaguzi anakuja kupima taka za wiki. Shule itakayoonyesha inajali mazingira, mkuu wake atathibitishwa kazini. Nafasi ni moja. Mimi ni kaimu mwaka wa tatu sasa. Kaimu! Hata mke wangu analitamka hilo neno kwa sauti ya kunipa pole. Kaka yake, shemeji yangu huyo, ni kaimu shule ya ng'ambo ya barabara. Basi mzani utaamua. Anayekusanya taka nyingi ndiye anayejali. Liko wazi, sina haja ya kusoma ukurasa wa pili.

Jumanne, 4 Juni
Tumepima. Kilo tisa tu. Aibu gani hii? Kumbe mpishi huchukua maganda yote akayafukia nyuma ya jiko, ati yawe mbolea ya bustani. Walimu nao wanaandika karatasi pande zote mbili. Nimewaambia waache ubahili. Shimo nimeamuru lifukuliwe. Mpishi akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ashughulike na sufuria zake.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeagiza kila mwanafunzi aje na taka za kwao. Wazazi hawajawahi kunitii haraka hivi. Yamekuja magodoro, sinki la choo lililopasuka, na kochi ambalo, kama sikosei, ni la mama mkwe. Kilo mia sita na arobaini! Nimemchungulia shemeji kwenye uzio. Ana ndoo moja. Nimemwonea huruma, lakini si sana.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi alishika pua tangu getini. Akanisomea ukurasa wa pili: mwenye taka chache ndiye mshindi. Shemeji kilo kumi na moja, mkuu kamili. Nikajitetea kwamba Jumanne tulikuwa na tisa, maganda yakienda kwenye mbolea. Akaomba kuona mbolea. Nikamwonyesha shimo tupu. Nimeumia, sifichi. Mpishi ameomba uhamisho, anavuka barabara.

Jumatatu, 10 Juni
Barua nyingine. Mwezi ujao watapima maji tuliyotumia kuanzia leo, na imepatikana nafasi nyingine moja. Safari hii hawanipati. Kidogo ndicho kinachoshinda, nimeshaelewa. Nimefunga koki kuu ya shule nzima, ufunguo ninao mfukoni. Mwalimu wa zamu anasema wanafunzi mia nne wamepanga foleni chooni na hali si nzuri. Anapenda kulalamika yule. Mita haijasogea tangu asubuhi.