Ndoo Iliyopitia Kanisani

Jumatatu, tarehe 3
Jana mchungaji alisema anatafuta mzee mpya wa kanisa, mtu wa matendo. Nikajua ananisema mimi kwa kuficha. Nani mwingine hapa aliwahi kumkodolea chui macho mpaka chui akaona haya? Mama Mkunga, aliyewazalisha mama zetu nusu ya mtaa, hainuki tena kitandani. Nitampelekea maji kila asubuhi.

Jumanne, tarehe 4
Toka bombani hadi kwa Mama Mkunga ni hatua arobaini. Nimezungukia kanisani, ambako mchungaji hufagia ngazi. Kasema Mungu anibariki. Nikasimama kumpa habari za chui. Kufika, ndoo nusu, shati chapachapa. Mama Mkunga kanipa pole ya safari. Eti mimi na njia ndefu tangu zamani: hata kuzaliwa nilitanguliza miguu.

Jumatano, tarehe 5
Nimemkuta fundi viatu kwa Mama Mkunga. Huyo huyo ambaye kiatu chake mwenyewe kina tundu. Humgeuza ubavu, humsafisha vidonda vya mgongoni, hufua shuka. Nikamuuliza kama mchungaji ana habari. Kanijibu, kwani mchungaji ndiye anayeumwa mgongo? Kiburi tu. Dada yangu naye kasema nusu ndoo haifui hata foronya. Nimemsamehe.

Alhamisi, tarehe 6
Mchungaji kasafiri. Goti linauma. Sikwenda.

Ijumaa, tarehe 7
Mchungaji hajarudi. Goti vilevile.
Jioni dada katoka kazini, kapitia kwa Mama Mkunga, kaja kwangu bila hodi. Fundi viatu yuko kitandani na homa tangu jana, akijifariji kwamba maji walau mimi napeleka. Mama Mkunga kakaa siku mbili na kiu. Dada ndiye aliyemnywesha. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Sikula vizuri. Nilikula, lakini si vizuri.

Jumamosi, tarehe 8
Hatua arobaini, ndoo pomoni. Njiani hakuna aliyeniona. Midomo ya Mama Mkunga imepasuka. Kanywa kidogo, kanishika mkono, kaniambia yaliyobaki nimpelekee fundi viatu, homa inataka maji.
Mara mchungaji huyo mlangoni, begi mkononi. Kauliza nani anamtunza. Mama Mkunga kasema huyu hapa, leo kaniletea ndoo nzima. Ya jana na juzi hakuyataja. Aliniangalia tu. Nikaangalia ndoo.

Jumapili, tarehe 9
Mzee mpya wa kanisa ni fundi viatu; kumbe jana nilipoondoka Mama Mkunga alimweleza mchungaji habari zake. Kasimama mbele akitetemeka na homa, na lile tundu la kiatu. Nimepiga makofi kuliko wote, na ilionekana.
Lakini nimekwisha kugundua nilipokosea. Mwalimu mstaafu kaanguka juzi, hatembei. Mama Mkunga anaye fundi viatu wake. Kesho nahamia kwa mwalimu. Mlango wake unatazamana na dirisha la mchungaji. Safari hii hakuna kuzunguka, na maji hayatamwagika.