Anemoni Katika Mwezi wa Kufunga

Jumatatu, 23 Septemba

Appa, baba yangu, ameondoka kwenda Richards Bay kutengeneza mitambo ya kiwanda. Atarudi Purtassi, mwezi wetu wa kufunga, ikikaribia kwisha. Kabla ya kupanda gari alinisimamisha sebuleni, mbele ya tangi la matumbawe, akaonyesha kwa kidole. Anemoni! Wanyama wadogo wa baharini, wa kahawia, wembamba, wameota kwenye mawe kama magugu, na minyiri yao inachoma kila jirani. Appa hafoki. Anashusha sauti, ambayo ni mbaya zaidi. Alisema akirudi na kukuta tumbawe la kijani limeharibika, tangi zima linakwenda kwa binamu yangu Divashen, kijana anayejua kutunza vitu.

Divashen! Jioni alikuja na futikamba. Akaniuliza, Profesa, hivi tangi hili linapita mlangoni au itabidi litokee dirishani?

Tumbawe lile nimelilea mwenyewe, tangu likiwa kama punje ya dengu. Sitalia. Nimeazima kitabu maktaba.

Jumatano, 25 Septemba

Kitabu kinasema limau. Unavuta maji yake kwa bomba la sindano, unamchoma anemoni mdomoni, kwisha habari. Nilikuwa nimemlenga wa kwanza Aya aliponifuma. Aya ni mama yake Appa na hutembea bila kutoa sauti. Akauliza nafanya nini. Nikasema natibu. Akauliza kama mgonjwa atapona. Sijui kudanganya ghafla, huwa nahitaji muda wa kujiandaa.

Hukumu: mwezi wa Purtassi hakiuawi kitu nyumbani kwake. Nyama tumeacha, samaki tumeacha, hata mayai. Hata chakula cha samaki wadogo wa tangini, kamba wa barafu, kimefukuzwa kikahamia friji ya jirani. Nikajitetea kwamba anemoni anafanana sana na mmea. Aya akauliza kama ana mdomo. Anao. Anakula? Sana. Basi huyo si mchicha, akasema, na limau lirudi jikoni, ni la achari.

Ijumaa, 27 Septemba

Wazo! Kuua kumekatazwa, kuhamisha hakukukatazwa. Nimewakwangua wote kwa kisu cha siagi, taratibu, kwa heshima, nikawaweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi uani. Aya alinisifu. Vipande vingine viliponyoka na pampu ikavisambaza tangi zima, lakini ni vidogo mno kuleta madhara. Mawe ni meupe! Nimempigia Divashen kumshauri sebule yao aiache kama ilivyo. Nikakata simu kabla hajajibu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kila kipande kimekuwa anemoni. Kila kipande! Ilikuwa imeandikwa ukurasa unaofuata. Nilikuwa nimeshafunga kitabu kwa furaha.

Tena wamenenepa. Nilishangaa sababu, hadi leo nilipomkuta Aya juu ya kigoda akiwadondoshea dengu zilizopondwa. Nikamwomba aache, nikamweleza kuhusu usafi wa maji, nikataja kitabu. Akanitazama kama mtu aliyelelewa vibaya na watu wengine. Wamenyoosha mikono, mtoto wewe, akasema. Mtu akisimama mlangoni kwangu Purtassi hii amenyoosha mikono, nimwambie nini, arudi Novemba?

Anemoni wa pembeni kabisa alikuwa bado anatafuna.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilimuuliza Aya swali la kinadharia tu. Paka akimkamata panya mwezi wa Purtassi, dhambi ni ya nani? Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye roti alizokuwa akisukuma: ya paka.

Basi!

Kitabu kina kamba mdogo, mwekundu, mwenye mistari, ambaye chakula chake ni anemoni. Picha imepauka lakini mistari inaonekana. Maji yalipokupwa nilishuka ufukweni kwenye vidimbwi vya miambani nikiwa na chujio la chai. Nimepata wawili! Wekundu, mistari myeupe, macho makubwa ya kushangaa. Hapa Isipingo wamejaa tele, na kuna watu wanaagiza dukani.

Divashen alipita kuwaona. Akauliza kama nina hakika ndio wenyewe. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Kwa kweli nilisema ndiyo, ila kwa sauti ya mtu anayeamini kuwa wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kamba wangu wana furaha. Wanacheza, wanarudi nyuma, wanatikisa mikono. Mbele ya anemoni wanapita tu, kama watu wanaopita mbele ya duka la majeneza. Mchana kutwa wako juu ya tumbawe la kijani. Nadhani wanalisafisha.

Baadaye. Hawalisafishi.

Nimesoma maandishi madogo chini ya picha. Kamba wa pwani yetu anafanana na yule wa kitabuni kama ndugu, ila yeye hula matumbawe. Nimejaribu kuwakamata. Wanajua kila tundu la kila jiwe. Mimi nina chujio la chai tu. Tumbawe langu limebaki kisiki, na Appa anarudi Jumapili!

Jumapili, 13 Oktoba

Appa amerudi. Alisimama mbele ya tangi na mkoba ukiwa bado begani. Alishusha sauti mpaka sikusikia alichosema. Kisha akampigia Divashen.

Divashen alikuja na bakkie ya kubebea mizigo, mablanketi na rafiki wawili wa kubeba. Nilijificha nyuma ya pazia, miguu ikionekana. Akachuchumaa. Akauliza kama na hawa wa kwenye kioo ni anemoni. Ndiyo. Na hawa ndani ya pampu? Hao pia. Je, wanakuja na tangi? Appa akamwambia kila kitu, mwanangu, ni zawadi. Divashen akakuna kichwa. Akasema kweli Mjomba, sasa nikifikiria, sebule yetu ina jua kali sana. Wakaondoka na mablanketi yao. Chai ya Aya hawakuimaliza.

Appa alitazama mlango, akatazama tangi, akatazama miguu yangu. Akasema hakuna mtu mwingine Isipingo atakayelichukua, basi nibaki nalo.

Nimeshinda! Kisiki cha tumbawe nimekihamishia kwenye bakuli, salama. Wanaobaki kushughulikiwa ni kamba. Kitabu kina samaki anayewala hao kwa pupa. Anakua mkubwa na ana meno, lakini picha inaonyesha uso wa upole. Dhambi itakuwa yake. Nitamwagiza kesho. Samaki wetu wadogo hawana haja ya kuogopa, kwa sababu wao si kamba.