Kiganja cha Kuazima

Jumatatu, 1 Septemba
Nimetoka zahanati ya ngozi, hapa Susa. Daktari Radhia amenipa daftari. Wiki nzima, kila jioni, niandike kuwashwa kwangu, kuanzia sifuri hadi kumi. Kisha nihesabu ukurutu unaenea viganja vingapi. Kiganja cha mgonjwa ndicho kipimo. Nafasi ya sindano mpya ni moja tu! Anayeitaka awe na viganja kumi, na kuwashwa kusipungue saba.

Naitaka kufa na kupona. Mwanangu Anis anaoa baada ya mwezi, na kwetu baba ndiye humpeleka bwana harusi kuoga hamamu ya mtaa. Mimi mlinzi wa hamamu alishanifukuza, ati nitaambukiza watu. Miezi minane sijaingia. Anis atapelekwa na nani?

Nimejipima. Viganja saba. Lahaula!

Tena jirani yangu Sadok naye katoka na daftari kama langu.

Jumanne, 2 Septemba
Akili ni mali! Mke wangu Latifa ana vikono vidogo. Kanipima kwa chake: kumi na moja! Akauliza mgonjwa hapa ni nani. Nikamjibu mke ni vazi la mumewe, basi hata mkono wake ni wangu. Akasema vizuri, huo mkono wako ukaoshe vyombo. Nimeosha.

Kuwashwa: sita. Nimeandika tisa. Halafu nikaingiwa na hofu. Tisa nzuri namna hii, Sadok akiiona si ataihusudu? Nikaweka tano ubavuni mwake, vidole vitano vya kukinga kijicho, kama mama alivyotufunza.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekutana na Sadok kwenye ngazi. Hujambo? Alhamdulillah. Na wewe? Alhamdulillah. Kila mmoja wetu anajikuna mgongo ukutani. Huyu ana jambo.

Tisa. Na tano yake.

Ijumaa, 5 Septemba
Leo nimevaa kashabia, lile joho zito la sufi la marehemu baba, ili niwashwe vizuri. Jua kali! Muuza samaki akaniuliza kama nina homa. Nimewashwa, kweli, lakini nimewashwa hadi sikuweza kuandika namba kwenye daftari la daktari.

Kisha muuguzi akapiga simu. Akauliza kuwashwa kukoje leo. Nikajibu alhamdulillah, hamna neno. Akashukuru, akakata.

Nimesema nini mimi? Mtu akikuuliza hali utajibu nini kingine? Nimepiga tena mara sita. Haipokelewi. Latifa amecheka mpaka kakaa chini.

Jumatatu, 8 Septemba
Aibu. Daktari kasoma daftari, kavua miwani, kavaa tena. Akauliza inakuwaje mtu awashwe tisini na tano kati ya kumi, siku tano, na Ijumaa muuguzi aandike sifuri. Nikamweleza habari ya kijicho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyopotea mwenyewe. Akanipima upya kwa kiganja changu. Saba. Akauliza kumi na moja vimetoka wapi. Latifa, bila kuulizwa, akainua mkono.

Nafasi kapata Sadok. Ati yeye aliandika ukweli! Ana viganja kumi na viwili, maskini, wala hakuwahi kusema.

Roho iliniuma, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia daktari yote: Anis, hamamu, yule mlinzi. Akashangaa kwa nini sikusema siku ya kwanza. Akaandika barua kwamba ukurutu hauambukizi, akapiga muhuri. Dakika mbili! Akaniagiza nipake dawa yangu kila siku na niandike ukweli mtupu.

Nimeapa.

Alhamisi, 2 Oktoba
Mlinzi kasoma muhuri mara tatu, kanifungulia mlango. Nimemsugua Anis mgongo kwa mkono wangu mwenyewe. Machozi yalinitoka, nikasingizia mvuke. Naye alikuwa akisingizia mvuke.

Sadok alikuwepo, ngozi imeanza kutulia. Hali? Alhamdulillah. Akaninong'oneza kwamba Januari wataongeza nafasi nyingine moja.

Kuwashwa leo: mbili. Nimeandika tisa. Na tano yake.

Jioni, kwenye hina, Latifa kaapa kiganja chake sitakiona tena. Sawa. Nimesalimiana na mama wa bi harusi. Vikono vyake, subhanallah! Hata vya Latifa ni vikubwa mbele yake. Kumi na nne bila jasho. Kuanzia kesho ni mkwe wangu, na mkwe hanyimwi kiganja.