Barafu ya Nakato na Utoto Wangu wa Kampala

Jamani wa kikundi, leo heshima yangu imeanguka ndani ya bakuli na watu wote wameiona. Nawaambia mimi mwenyewe kabla Nakato hajawaambia. Nakato ana simu nzuri kuliko yangu, na mdomo wake hauhitaji chaji.

Naandika kwa kidole kimoja. Mkiona kosa, kaeni nalo. Mimi shule niliiona kupitia dirisha. Lakini nyumba ya matofali hapa Kator, Juba, nimeijenga kwa makaa, gunia baada ya gunia pale soko la Konyo Konyo, na hakuna mwanamume aliyenishikia hata sepetu.

Mnamjua Lado wangu, yule dereva wa lori. Risasi zilipoanza, mke wake Rose alikimbilia Nairobi na mtoto wao Keji mgongoni. Keji alizaliwa mwaka ule wa uhuru, bendera yetu ilipopanda. Sasa ana pengo la meno ya utoto na anaongea kama redio. Wakubwa wamesaini tena, mji umetulia, na Rose amekuja wiki mbili "kuangalia". Hilo ndilo neno lake. Kuangalia! Kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni.

Basi la kurudi Nairobi ni Jumanne. Tiketi nimeiona kwenye mkoba wake. (Sikupekua. Mkoba ulikuwa wazi kidogo.) Rose akipapenda hapa, wanabaki, mwanangu anapata mtu wa kumfungulia mlango. Asipopapenda, Lado ataendelea kula maharagwe baridi barabarani, na mimi nitaendelea kumlea mjukuu kwa simu inayokatika katikati ya salamu.

Sasa, Rose hana neno baya. Anafua, anapika, ananyamaza. Mwenye maneno ni mtoto.

"Shosho," ananiambia kila siku (ndivyo wanavyoita nyanya huko Nairobi), "hapa hakuna aiskrimu."

Huko kwao kuna mtu wa baiskeli. Anapiga kengele, watoto wanatoka kila mlango, anawapa aiskrimu ya maziwa kwenye koni. Nimesikia habari za huyo mtu wa baiskeli mpaka nikamchukia. Na kila mtoto akimtaja, mama yake anatazama mbali, upande wa stendi ya basi.

Jana mdomo wangu ukaniponyoka.

"Aiskrimu? Mimi nimekula aiskrimu Kampala kabla mama yako hajazaliwa! Utoto wangu wote ni barafu! Kesho utakula mpaka useme basi."

Mnakijua kisa changu cha Kampala. Nimewasimulia miaka mingi. Nyumba ya ngazi, jirani mwenye duka, sisi watoto kwenye foleni. Kiwekeni hapo kwanza.

Leo nikatoka kanisani kabla ya matangazo kwisha. Nikapanda boda mpaka Amarat, kwenye hoteli moja ya wageni, wale wanaokula saladi. Nikanunua aiskrimu ya maziwa, kopo zima, lenye mfuniko. Mhudumu akaniuliza, "Mama, unakula hapa?" Nikamwambia, "Nakaa Kator, nakula Kator." Akanitazama kwa huruma. Sikuelewa ile huruma ni ya nini.

Nikalifunga kopo kwenye kitenge changu cha kanisani, nikalibana kwapani, tukaondoka. Jua la Juba mnalijua. Mimi ni mtu wa makaa, najua kila kitu kuhusu moto. Kuhusu baridi sijui kitu. Nilidhani kitenge kitaikinga.

Karibu na kona ya kwetu, kijana wa boda akageuka nusu.

"Mama, mimi iko nauliza tu."

"Uliza."

"Wewe iko navuja."

"Tazama barabara!"

"Mama, mgongo yangu iko imelowa. Kama wewe ni mgonjwa, sema, twende hospitali."

Nilishuka mbele ya nyumba yangu nikiwa mweupe kutoka kwapani hadi gotini. Mbwa wa jirani akanifuata kwa heshima kubwa. Keji akafungua kopo, akachungulia.

"Shosho, hii ni chai baridi."

Rose hakucheka. Alichukua kitenge, akakikamua, akakitundika kwenye kamba. Ningefurahi kama angecheka. Mtu anayekaribia kuondoka hacheki. Anakuwa mpole tu.

Nikampigia Nakato. Wageni wa kikundi, Nakato ni Mganda, ana friza na jenereta pale sokoni, kwenye kibanda kinachofuata changu. Nikamwambia lete barafu zote ulizonazo, vita vimefika nyumbani kwangu. Akaja na kasha limejaa vile vifuko vyake virefu vya plastiki, vyekundu na vya manjano, sharubati iliyoganda ngumu kama mpini wa jembe.

Nyuma yake akaja Ustaz Santino bila kualikwa. Ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, amekulia Khartoum na hajaacha kutuambia. Alikuwa na bakuli kubwa la karkade, ile sharubati ya maua mekundu, iliyogandishwa na kupondwapondwa, nyekundu kama divai ya padri.

"Nimesikia kuna watu wanataka kumlisha mtoto maji ya rangi," akasema. "Nimeleta dandurma. Hii ndiyo barafu ya watu waliosoma."

"Wewe, Ustaz!" Nakato akaruka. "Hiyo yako inataka kijiko. Mtoto anakula na kijiko kama mgonjwa? Yangu anauma pembe, anavuta, anakimbia nayo. Kampala yote ilikua hivyo."

"Ya Nakato," akamwita kwa Kiarabu chake cha Khartoum, "Kampala yote ina rangi kwenye ulimi mpaka leo."

"Na Khartoum yote mlikuwa mnasubiri umeme ndiyo mle!"

"Wallahi, hapo umesema kweli," akakubali Ustaz, akakaa.

Na hapo, jamani, Rose akaingia kwenye maneno. Rose! Akasema wote wawili wanapotea, barafu bila maziwa ni adhabu, na koni ya Nairobi unaila mpaka ile ncha ya chini, pale aiskrimu imejificha, na ukiwa na dada mkubwa atakuibia hiyo ncha. Akaonyesha kwa mkono jinsi dada yake alivyokuwa anamwibia. Akacheka. Siku kumi na moja nimemsubiri acheke. Nikajisemea, mama, hapa ndipo. Kaza hapohapo.

"Mama Lado," Nakato akaniita, "wewe mtoto wa Kampala, simama uamue. Mwambie Ustaz."

Nikasimama. (Kwa nini nilisimama? Ningeongea nimekaa, msiba ungekuwa mdogo.) Nikachukua kifuko chekundu. Nikamwambia Keji, "Mtazame nyanya yako. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunakula pale kwetu, kwenye zile ngazi."

Sasa niwaambie siri ambayo hata Rose hakuijua. Meno yangu manne ya mbele ya chini si yangu. Yametengenezwa Kampala na daktari, kwa faida ya lori langu la kwanza la makaa. Ni mazuri kuliko ya mtu yeyote hapa mtaani. Yanashika nyama. Yanashika muwa. Sikuwahi kuyajaribu kwenye kitu kilichoganda.

Nikakitia kifuko mdomoni, katikati, nikauma kwa nguvu zangu zote, nikavuta.

Plastiki ilivutika. Ikavutika tena. Halafu ikaachia kwa mkupuo, na kitu kikatoka mdomoni mwangu, kikapita mbele ya pua ya Nakato, kikatua katikati ya bakuli la Ustaz. Tumbwi!

Yakaelea kidogo juu ya ile karkade, meno manne, yakitucheka kutoka chini.

"Shosho!" Keji akapiga kelele. "Meno zako zimeingia kwa dandurma ya Ustaz!"

"Yesu wangu," akasema Nakato.

Ustaz alichukua kijiko, akayavua polepole, akayaangalia kwa jua kama anasahihisha mtihani.

"Ya Mama Lado. Meno ya chini, ya mbele, manne. Hili ni pengo la mila yetu ya kijijini, la watoto kung'olewa meno. Mimi mwenyewe ninalo. Ulitolewa ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi," nikajibu. Nilishatoka jasho, sikuwa nikifikiri.

"Na ulituambia ulihamia Kampala ukiwa na miaka mingapi?"

Nyote mnajua jibu. Nimelisema kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye mkutano wa soko. Mitano.

"Basi yule mzee wa kung'oa meno," akauliza Ustaz kwa upole wa kuua, "alipanda basi gani mpaka Kampala?"

Nakato naye akaniongezea jiwe. "Mimi nilishangaa tangu alivyouma. Mtoto wa Kampala anauma pembe. Huyu ameuma katikati kama mahindi!"

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kator ni ngumu. Nikamtazama Rose. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sikujua kama ni kicheko au ni aibu ya kuolewa kwenye nyumba ya mwongo.

Basi nikakaa chini nikasema. Bila meno, na mkono mbele ya mdomo.

Nikawaambia Kampala nilifika nikiwa mtu mzima, kuuza makaa. Nilikulia kijijini, halafu tukakimbia vita vile vya zamani, tukakaa kambini Uganda, mahali ambapo kitu cha baridi kuliko vyote kilikuwa maji ya mtungi asubuhi. Ngazi sikuwahi kuzipanda. Nilidanganya mara ya kwanza mbele ya wanawake wa mjini waliokuwa wanatazama miguu yangu, na uongo ukishakaa vizuri mtu anaona uvivu kuuhamisha.

"Barafu niliiona mara ya kwanza," nikasema, "Lado akiwa mdogo kuliko Keji. Lori la samaki liliharibika karibu na kambi. Dereva akanipa kipande, kama ngumi hivi. Nikakifunga kwenye kitenge, nikakimbia nimpelekee mwanangu. Nilikimbia sana. Nilipofika, ilikuwa imebaki kitenge kilicholowa. Lado akakinyonya. Kilikuwa kinanuka samaki. Akasema, mama, tamu."

Hakuna aliyecheka. Rose akageuza kichwa, akatazama kitenge changu cha asubuhi pale kwenye kamba, kimekauka upande mmoja, na inzi wanakifurahia. Akakitazama muda mrefu.

Keji ndiye aliyeanza. Akaja akasimama mbele yangu, akautoa mkono wangu mdomoni.

"Kwa hivyo Shosho, hujawahi kula ukiwa mtoto?"

"Sijawahi."

"Na huna meno."

"Sina."

"Hata mimi sina." Akafungua mdomo akanionyesha pengo lake, palepale pangu, chini mbele. "Yetu inafanana! Usiume na ya mbele. Uma na ya pembeni, kwa kona. Hivi."

Akauma, akanipa. Nikavuta. Jamani! Ile baridi ilipanda mpaka kwenye jicho, nikapiga kelele, Keji akapiga kelele, Nakato akaanguka kwenye mkeka kwa kucheka. Mimi, mwanamke wa makaa, na miaka yangu yote hii, nikavuta ile barafu mpaka kifuko kikapiga filimbi.

Halafu mtoto akaleta vikombe. Akaenda kwa Ustaz akachota karkade upande ambao meno hayakufika (aliuliza kwanza, ni mtoto msafi). Akavunjia humo barafu ya manjano ya Nakato. Akamalizia na ile "chai baridi" yangu ya Amarat. Akakoroga, akaonja, akafikiri.

"Hii si ya Nairobi," akasema. "Hii si ya mtu yeyote."

"Basi ni ya Juba," akasema Ustaz, akanyoosha kikombe chake. "Kalas, tumemaliza. Niongeze."

Watoto wa mtaa walishafika ukutani. Tukawagawia mpaka kasha likabaki maji. Ndimi zao zilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona popote, na nimeona mengi.

Nilikaa ndani kidogo baadaye, na aibu yangu. Nikasikia mlango. Rose akaingia na sahani amebeba kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa, kama anapeleka chai kwa askofu. Akapiga goti, akafunua. Meno yangu, yameoshwa, yanang'aa.

"Mama," akasema, "meno yako haya." Halafu, macho yake bado chini, "Na ile shule ya pale mbele, wanaandikisha watoto saa ngapi kesho?"

Nikamwambia saa mbili. Nikamwambia tutaenda wote watatu. Nilisema vibaya kwa sababu meno yalikuwa bado kwenye sahani, lakini alinielewa.

Basi ndiyo hivyo. Kampala yangu imekufa leo, msije kunipa pole. Na anayetaka kucheka, aje acheke hapa Kator, mbele yangu, nimkague meno kwanza.