Diski Zilizofukizwa Udi

Jumatatu, 23 Agosti 1999
Bi Kahaso, mwenye chuo chetu cha kompyuta hapa Mtopanga, katangaza. Jumamosi kuna maonyesho Bamburi, na chuo kimepewa meza. Tutagawa programu za bure. Kati yangu na Justus, atakayevuta watu ndiye atakayekuwa mwalimu. Justus ana cheti cha Nairobi. Mie nimejifunza mwenyewe, kwa kubonyeza kila kitu mpaka kizime.

Nimeiwaza mchana kutwa hii programu ya kuandikia barua tutakayoigawa. Mtu tusiyemjua, nchi tusiyoijua, kaitunga, kisha kasema chukueni, nakilini, mpeni na jirani. Kama kisima cha wakfu. Nikamwambia Justus. Akasema, buda, hakuna cha bure. Maskini, moyo umemkauka.

Jumanne, 24 Agosti
Nilitaka tugawe kwa CD. Bi Kahaso anayo moja, kaniwekea mkononi. Subhanallah. Upinde wa mvua unazunguka mle ndani, na maktaba nzima ingeingia ikabakisha nafasi.

Bi Kahaso akaniuliza, mwanangu, Kisauni nzima ni kompyuta gani zina mlango wa kuisoma hiyo? Nikasema zetu hapa. Akasema zetu hazina. Nikaenda kutazama. Kweli hazina.

Basi ni zile diski za mraba za plastiki, kama alivyotaka Justus. Kacheka mpaka kakohoa.

Alhamisi, 26 Agosti
Tumegawana diski, kila mtu na zake. Nimenakili mpaka vidole vinauma. Lakini diski yenyewe nyeusi, kavu, haina sura. Nani atanyoosha mkono?

Nimerudi nyumbani, shangazi Mwanatabu anafukiza udi kanga za harusi. Watu wanapita barabarani wanageuza shingo. Hapo akili ikafunguka. Sisi si watu wa kutoa zawadi kavu.

Shangazi kasema udi ni wa nguo, na nguo haina vyuma ndani. Nikamwambia shangazi, hii ni teknolojia. Akanisogezea chetezo.

Ijumaa, 27 Agosti
Nimezipanga diski juu ya kikapu cha kufukizia, chetezo chini. Makaa mengi, udi mwingi. Wallahi, zimetoka zanukia kama bibi harusi. Nikasimama mlangoni nikizitazama. Programu ya bure, imevaa udi.

Nyingine zimejikunja kama samaki ng'onda juani. Nimezikalia zikanyooka.

Jumamosi, 28 Agosti
Meza haionekani kwa wingi wa watu. Justus yuko pembeni na diski zake kavu, anajipepea nazo. Mama mmoja kachukua nne, kasema za kuweka kabatini kati ya kanga. Nikamwambia ndani mna programu ya barua. Akasema, haya mwanangu, nayo haidhuru.

Bi Kahaso kanitazama kama anayemtazama mwalimu.

Jumatatu, 30 Agosti
Mzee Gona, karani wa ghala Kongowea, kaja na kompyuta yake juu ya mkokoteni. Diski yangu imeingia, haitoki. Nikampa shikamoo. Akasema shikamoo baadaye, kwanza mashine. Nikavuta kwa koleo. Diski ikatoka, na kifaa cha kuisomea kikaifuata.

Nyuma yake wako wengine wawili, wamebeba zao.

Bi Kahaso hakufoka. Aliinusa ile diski iliyopinda, akasema harufu nzuri, kisha akamkabidhi Justus funguo za darasa. Heri angefoka.

Jumatano, 1 Septemba
Wamekuja mama watatu chuoni kuulizia diski. Nikawaeleza kwa uchungu kwamba joto limeziharibu, programu haisomeki tena. Wakatazamana. Wakaniuliza, programu gani? Kisha wakaagiza nyingine, za harusi Likoni, na ikiwezekana ziongezwe asumini.

Nimekaa kitako nikastaajabu. Kumbe udi haukuwa na kosa lolote. Kosa letu ni kutia programu.