Malalamiko Kuhusu Midomo Isiyogundulika

Pasiansi, Mwanza.

Mpendwa Daktari Nusrat,

Nakusalimu kwa midomo yote miwili, ambayo haiumi, haina uvimbe, na inakunywa chai ya moto bila kumwaga. Ndiyo sababu nalalamika.

Siku uliponichoma zile sindano za kujaza midomo, nilikuomba isiniume na ionekane ya kuzaliwa nayo. Ukaniahidi hakuna atakayegundua. Ahadi umeitimiza kupita kiasi, na sasa ndoa yangu iko mashakani:

1. Dukani kwangu Mkuyuni wateja wanatazama vitenge tu. Jirani yangu Odeta, ambaye hata mjusi akikonda anajua, alisema nimependeza, kisha akasifu hereni. Hereni za zamani, Daktari!

2. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mpwa wangu kabla ya harusi, nilikaa meza ya mbele, nikatabasamu mpaka mashavu yakakakamaa. Mpiga picha akaniomba nisogee, naiziba keki.

3. Mume wangu, Maige, nilimficha nikitegemea ashtuke mwenyewe. Badala yake amekuwa mpole wa kutisha: anawahi kurudi, anaosha kikombe chake, na juzi kaleta sato mkubwa, tena ameshaparuliwa magamba. Mwanaume haleti sato wa namna hiyo bure. Ana mwanamke, na bila shaka midomo yake inaonekana.

4. Nimekonda kwa mawazo, kila mahali isipokuwa midomo.

Kwa heshima, naomba unichome tena na safari hii unikosee kidogo, upande mmoja uzidi mwingine, ili watu waulize. Ikishindikana, nipe cheti chenye muhuri nikitundike dukani pamoja na picha yangu ya zamani. Ikishindikana kabisa, yeyusha ulichojaza, nirudie midomo ambayo Maige aliichagua mwenyewe akiwa na akili timamu. Najua mtu mzima anayetafuta sifa kwa sindano hastahili huruma. Lakini nampenda yule mwanaume, na naogopa.

Nisalimie dada wa mapokezi, na wote wanaosubiri ganzi iwakolee.

Wako, mwenye midomo ya asili,
Getruda Chenge

N.B. Kabla sijaituma barua nimembana Maige. Hana mwanamke. Aliona midomo imetangulia mbele, akadhani nimenuna, akaogopa kuuliza kosa lake. Ameniomba msamaha kwa jambo la mwaka juzi ambalo hata sikulijua. Nimemsamehe nusu. Usiyeyushe kitu, Daktari. Ikianza kupungua nitakuja uongeze, hasa wa chini.